Vitu Navyo Hufundisha
Somo la mwezi kwa Wakristo na walimu wa sharika

Katika somo la mwezi huu twataka kutazama jambo linaloonekana dogo, lakini ndani yake mna faida kubwa kwa kila mtu aliyepewa kazi ya kufundisha. Jambo lenyewe ni hili: mtu hajifunzi kwa maneno peke yake. Hujifunza pia kwa vitu anavyoviona na kuvishika, yaani jembe, ngoma, mizani, karai, chungu na kitabu. Sisi walimu twapenda kudhani ya kuwa somo limo kinywani mwetu, na vitu twavihesabu kuwa kama mapambo ya kusaidia macho. Kumbe kitu kilichomo mkononi mwa mwanafunzi chamfundisha saa ile ile tunapozungumza, na pengine chamfundisha neno jingine lisilopatana na letu. Yakipingana hayo mawili, mara nyingi kitu ndicho kinachoshinda.

Twawaletea somo hili ndugu wa Shinyanga na wa Geita hasa, maana huku kwetu si jambo la elimu tu, bali lagusa afya ya watu na ya watoto wao. Basi tulifuate polepole, hatua kwa hatua.

1. Kitu huamsha swali

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 4, twasoma jinsi mawe 12 yalivyochukuliwa kutoka katikati ya mto Yordani, yakasimamishwa mahali watu walipolala. Sababu yake imeelezwa hapo hapo. Siku za mbele watoto watayaona mawe hayo, watawauliza baba zao maana yake, na ndipo baba watakapoeleza. Angalieni utaratibu wake. Jiwe halikuwekwa lihubiri lenyewe, maana jiwe halina kinywa. Liliwekwa ili mtoto aulize. Maelezo ya baba yanakuja nyuma ya swali, na neno linalokuja kumjibu mtu aliyeuliza hukaa moyoni kuliko neno ambalo hakulitaka.

Martin Luther naye alilijua jambo hili. Katekismo Ndogo tunayoifundisha mpaka leo ilipotoka kwanza mwaka 1529, ilipigwa chapa juu ya karatasi kubwa za kutundikwa ukutani, kabla ya kufungwa kuwa kitabu. Mambo ya imani yaliwekwa mahali ambapo watu wa nyumba watayaona kila siku, wakiingia na wakitoka, na mwenye nyumba apate kuwaeleza watoto na watumishi wake. Karatasi iliyo ukutani yafundisha kwa namna moja, na kitabu kilichofungiwa sandukuni kwa namna nyingine, hata kama maneno ni yale yale.

Wazee wa Usukuma hawakuwa na karatasi, lakini walikuwa na shikome, yaani moto wa jioni uani, ambapo wanaume na vijana waliketi kuota na kuzungumza. Moto wenyewe ulikuwa kitu cha kufundishia, kwa sababu ulipanga nani akae wapi, nani alete kuni, nani anyamaze na nani aseme. Kijana alijifunza adabu ya baraza kabla hajasikia hata neno moja juu ya adabu. Kuuliza si ujinga, wasema watu, na penye moto wa shikome palikuwa na nafasi ya kuuliza.

2. Mkono hukumbuka yaliyosahauliwa na ulimi

Mtazameni mtoto anayecheza isolo, ambao ndio mchezo wa bao kwa Wasukuma. Hakuna aliyemketisha na kumfundisha hesabu. Lakini akishika kete mkononi na kuzigawa shimo kwa shimo, hupiga hesabu upesi, akajua zitakwisha wapi kabla hajazitupa. Mashimo ya ubao na kete ndivyo vinavyomwongoza. Akikosea, kosa laonekana papo hapo, maana kete zake huliwa. Hahitaji mtu wa kumwambia ya kuwa amekosea.

Ufundi mkubwa zaidi nao huenda vivyo hivyo. Upande wa Geita na Buzinza walikaa Warongo, ambao Wasukuma huwaita Balongo, watu waliojua kuyeyusha chuma katika mawe na kufua majembe. Majembe yao yaliuzwa Usukumani, na siku zile yalitumika hata kulipia mahari. Ujuzi wao haukuandikwa popote. Ulikuwa katika udongo wa tanuru, katika mivuo, katika rangi ya moto, na katika mkono wa kijana aliyevuta mivuo huku akimtazama mzee. Majembe ya kiwandani yalipokuja kwa bei rahisi, tanuru zikazimika, na tanuru ilipozimika, shule nayo ikafungwa.

Je, ujuzi wa namna hiyo waweza kufufuka? Jirani zetu wa Buhaya walionyesha jambo la ajabu mwaka 1976. Wazee waliokuwa hawajayeyusha chuma kwa miaka mingi walijenga tena tanuru, mbele ya wataalamu waliotaka kujua kazi ya kale. Kazi haikufaulu kwa kukumbuka kwa maneno tu. Ilibidi wajenge, wavute mivuo, waone lililokwenda vibaya, warekebishe, kisha wajaribu tena mpaka chuma kikatoka. Habari zake zilitangazwa kwa wataalamu wa dunia mwaka 1978. Twajifunza hapa ya kuwa sehemu ya ujuzi wa mzee haimo kichwani mwake. Imo kati ya mkono wake na kitu, na kitu kikiondolewa, hata mzee mwenyewe hawezi kuusema wote.

3. Makumbusho ya Bujora

Sasa twaingia katika nyumba ambazo kazi yake ni kutunza vitu, yaani nyumba za makumbusho. Hatuna haja ya kwenda mbali. Pale Bujora, karibu na Kisesa, upande wa mashariki wa mji wa Mwanza, iko Makumbusho ya Wasukuma. Ilianzishwa na ndugu zetu Wakatoliki. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe, alianza kazi huko mnamo 1952, akakusanya vitu na habari za Wasukuma pamoja na wazee na wasomi wa kienyeji. Watu walimpa jina la Fumbuka.

Mtu aingiaye Bujora huona kwanza ya kuwa majengo yenyewe yafundisha. Nyumba inayotunza ngoma za watemi imejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Mgeni asiyejua kusoma hata herufi moja aweza kutambua kwa macho ya kuwa hapa ni mahali pa utawala. Iko nyumba ya mhunzi pamoja na vyombo vyake, iko nyumba ya mganga, tena iko nyumba ya vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyoshindana kwa kucheza tangu zamani. Ziko pia habari za namna marika mbalimbali walivyohesabu moja hata kumi, kila rika kwa maneno yake.

Lakini kitu kinapohama mahali, somo lake hubadilika. Ngoma ya mtemi ilipokuwa ikuluni ilikuwa sauti ya amri. Aliyeisikia aliacha kazi yake akaja. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliondoa utawala wa watemi, na ngoma ikakosa baraza la kupigiwa. Ikiwekwa nyuma ya kamba na kuandikiwa kibao, yafundisha kumbukumbu, lakini haifundishi tena utii. Hilo si baya, ila yatupasa kulijua. Mlinzi wa makumbusho akimwonyesha mtoto ngoma na kusema, "Hii ni ngoma," hajamfundisha kitu, maana mtoto aona mwenyewe kuwa ni ngoma. Hana budi kumweleza ilipigwa na nani, wakati gani, nani alikatazwa kuigusa, na watu walifanya nini walipoisikia.

Kwa ajili hiyo twasifu desturi moja ya Bujora. Ngoma zile hazikuachwa zilale kimya siku zote. Zimekuwa zikipigwa katika sikukuu za kanisa na wageni wakubwa wanapokuja. Tena kila mwaka, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, mnamo mwezi wa Juni, hufanyika Bulabo, na Bagika na Bagalu hushindana kucheza mbele ya umati mkubwa wa watu. Hivyo kitu kinarudishiwa mkono na sauti. Kijana anayepiga ngoma hujifunza uzito wake, na kwamba hapigi peke yake, bali lazima asikilize wenzake. Hilo haliandikiki katika kibao.

4. Kitu kimoja kati ya watu wengi

Liko somo jingine la makumbusho, lililotoka nchi ya mbali, ambalo lafaa kwa kila chama na kila usharika. Mwaka 1908 mwanamke mmoja, Annie Alexander, alitoa fedha zake ili ianzishwe makumbusho ya wanyama katika chuo kikuu kilichoko Berkeley, nchini Marekani. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Joseph Grinnell. Wanyama waliletwa na watu wa namna nyingi, wakiwamo wasomi, wakulima, watega mitego na watu waliopenda tu kutembea porini. Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mtega mitego alitaka fedha, msomi alitaka kujua mabadiliko ya wanyama, na mama yule alitaka viumbe vya nchi yake vihifadhiwe kabla havijapotea.

Wangewezaje kufanya kazi moja? Si kwa hotuba. Grinnell aliagiza kwamba kila ngozi iandikiwe mahali mnyama alipokamatwa, siku yake, na jina la mkamataji. Yule mtega mitego hakuhitaji kujua elimu ya msomi, wala msomi hakuhitaji kujua kutega. Ngozi pamoja na karatasi yake ilisimama kati yao, ikawaunganisha. Mwaka 1989 wataalamu wawili, Susan Leigh Star na James Griesemer, waliandika juu ya makumbusho hayo, wakaonyesha ya kuwa kundi la watu wenye nia mbalimbali laweza kushirikiana kwa sababu ya vitu vinavyokaa mpakani mwao, vinavyoeleweka na kila upande kwa namna yake.

Tazameni sasa mjini Geita. Mwezi wa Machi 2019 lilifunguliwa pale soko la madini, la kwanza la namna yake nchini. Mchimbaji mdogo, mnunuzi na afisa wa serikali hukutana mbele ya mizani moja. Mmoja aona jasho lake, wa pili aona biashara, wa tatu aona kodi. Mizani yasema neno moja kwa wote watatu. Dhahabu ikipimwa chumbani mwa mnunuzi, mchimbaji hujifunza kunyamaza na kukubali. Ikipimwa mbele ya watu, hujifunza kusoma namba na kuuliza bei ya siku. Mtu ni yule yule na dhahabu ni ile ile, lakini mahali palipowekwa mizani pamempa masomo mawili tofauti.

Katika sharika zetu kitabu cha ubatizo chafanya kazi kama hiyo. Mchungaji asoma humo habari za sakramenti, mzazi apata humo siku ya kuzaliwa kwa mtoto wake, na mzee wa kanisa apata hesabu ya washarika. Kitabu kikiandikwa vibaya, wote watatu wapotea pamoja.

5. Kitu chaweza kufundisha uongo

Mpaka hapa tumesema mema ya vitu. Lakini yatupasa kusema kweli yote. Kitu chaweza pia kuwa mwalimu wa uongo, na hapa ndipo somo letu linapogusa uhai.

Katika machimbo madogo ya Geita na Shinyanga kijana hujifunza kazi kwa kutazama na kushika. Huona mawe yakitolewa katika duara, yaani shimo la kuchimbia. Huyaona yakisagwa katika karasha, kisha unga ukioshwa kwa maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa magunia, ili dhahabu iliyo nzito ibaki na mchanga uende. Mchanga mzito uliobaki hutiwa ndani ya karai au beseni, na ndipo zebaki inapotiwa. Zebaki ni madini ya ajabu, maana ni chuma lakini yatiririka kama maji. Huikamata dhahabu, chembe kwa chembe. Mchimbaji huikamua kwa kitambaa, akapata donge jeupe ambalo karibu nusu yake ni zebaki. Kisha huweka donge motoni, zebaki ikapaa, na dhahabu ikabaki ya manjano.

Fikirini kitu hiki chafundisha nini. Zebaki yang'aa, yachezeka mkononi, haichomi, haina harufu. Humpa mtu dhahabu mbele ya macho yake jioni ile ile. Mvuke wake hauonekani. Kila mara kijana aifanyapo kazi hii, zebaki humwambia, "Mimi ni rafiki yako, umeona faida yangu." Wala haimwambii habari ya pili, kwamba mvuke ule uingiao mapafuni waenda mpaka kwenye ubongo na mafigo, kwamba baada ya miezi au miaka mikono yaweza kutetemeka, usingizi ukapotea na akili ikasahau, kwamba mama mjamzito aivutapo humdhuru mtoto aliye tumboni, na kwamba mvuke ukipoa hutua juu ya kuta, nguo na vyombo vya nyumba ambamo donge lilichomwa.

Tulisema katika mchezo wa isolo kosa huonekana papo hapo, na kwa hiyo mtoto hujifunza. Hapa kosa limefichwa. Faida yaja leo, madhara yaja baada ya muda mrefu, na pengine yaja kwa mwingine, kwa mke au kwa mtoto. Mtu akitetemeka baada ya miaka 10, jirani wasema amerogwa, au ni uzee, au ni pombe. Hakuna anayeikumbuka zebaki. Kwa sababu hiyo maonyo ya mdomo hayatoshi. Mwalimu asema mara moja kwa mwaka kwamba zebaki ni sumu, lakini zebaki yenyewe husema kila siku kwamba ni baraka. Tusishangae kijana akisadiki kile kilichomo mkononi mwake.

6. Chombo kinachoonyesha kosa

Basi tufanye nini? Njia moja ni kukiweka mkononi mwa mchimbaji kitu kingine, kitakachomfunulia kile zebaki inachoficha.

Katika kijiji cha Rwamagasa, wilaya ya Geita, kazi ya namna hiyo ilifanywa chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki, ulioanza mwaka 2002. Watu walipimwa miili yao, na miongoni mwa wachomaji wa donge walikutwa wenye dalili za sumu hiyo. Tena ilifundishwa njia ya kuchoma kwa chombo kilichofungwa, kinachoitwa ritoti. Chombo hicho si cha ajabu. Chaweza kutengenezwa kwa viungo vya bomba la maji, hata kwa mabakuli ya jikoni. Donge hufungiwa ndani, moto huwashwa chini, na mvuke, badala ya kupaa hewani, hupita katika bomba na kupoa, ukarudi kuwa zebaki. Chombo kikifungwa vema, zaidi ya sehemu 9 katika 10 za zebaki hurudi.

Angalieni kinachotokea machoni pa mchimbaji. Kabla ya hapo hakuona kitu kikipotea. Sasa yaona matone ya zebaki yakidondoka, na yale ndiyo ambayo jana yake yaliingia mapafuni mwake na mwa watoto wake. Tena yaona ni fedha, maana zebaki hununuliwa. Kitu kilichokuwa hakionekani kimeonekana, na kosa limekuwa na umbo. Hapo neno la mwalimu lapata pa kusimama.

Hata hivyo wachimbaji wengi waliikataa ritoti, na yatupasa kusikiliza sababu zao, tusiwaite wajinga. Chombo cha chuma kimefungwa, nao hawaoni dhahabu yao ikiwa motoni. Mtu aliyehangaika shimoni siku nyingi atakubalije kulifungia jasho lake mahali asipoliona, mbele ya wenzake wanaongojea kugawana? Tena kuchoma kwa ritoti kwachukua muda, na mnunuzi hataki kungoja. Walimu wenye busara walijibu sababu hizo kwa kitu, si kwa karipio. Walitafuta vyombo vya kioo ambavyo mtu huona ndani, na walichoma mbele ya kundi zima ili wote washuhudie uzito kabla na baada. Ndugu, hapa pana fundisho kwetu sote. Mwanafunzi akikataa chombo, kwanza tuulize chombo chenyewe kinamficha nini.

Watu wa Shinyanga wanaijua njia hii ya kufundisha kwa kinachoonekana. Nchi yao iliachwa kuwa jangwa kwa kukatwa miti, na mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI. Kilichofaa zaidi hakikuwa mambo mageni, bali ngitili, yaani mahali pa malisho ambapo Wasukuma wa kale walipazuia mifugo mpaka kiangazi. Mtu mmoja alifunga ngitili yake. Kiangazi kilipofika, jirani aliona ng'ombe za mwenzake wana majani, nazo zake zina mifupa. Hakuhitaji mkutano wa pili. Mpango huo ulipewa tuzo mwaka 2002 mbele ya mataifa. Ngitili ilifundisha kwa sababu faida yake ilikuwa pembeni ya njia, mahali kila mpitaji aliona.

7. Nyumba ya ushuhuda huko Japani

Twataka kuunganisha sasa makumbusho na zebaki, maana viwili hivi vimekutana katika mji mmoja wa Japani uitwao Minamata. Huko kiwanda kilimwaga zebaki katika bahari. Samaki waliimeza, watu wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu ulitambuliwa rasmi. Watu walitetemeka, hawakuweza kusema wala kutembea vema, na watoto walizaliwa wakiwa na ugonjwa ule ingawa mama zao walionekana wazima. Kwa miaka mingi wagonjwa walionewa haya na jirani zao, wakafichwa.

Mwaka 1993 mji ule ulifungua makumbusho ya ugonjwa wa Minamata. Ndani yake mna picha na vitu vya siku zile. Lakini vitu havikuachwa peke yake. Wagonjwa wenyewe na jamaa zao husimama mbele ya wanafunzi, wakaeleza yaliyowapata. Mtoto wa shule huona kitu, kisha humwona mtu, kisha huuliza, naye hujibiwa na aliyeteseka. Ni utaratibu ule ule wa mawe ya Yordani. Na jina la mji ule limewekwa juu ya mkataba wa mataifa wa kupunguza zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Tanzania nayo imo katika mkataba huo.

8. Yatupasayo kufanya

Kwa hiyo twafunga somo kwa kukusanya mambo matatu. Kitu hufundisha vema kikishikwa na mkono wa mwanafunzi. Hufundisha vema akiwapo mtu wa kuulizwa. Hufundisha vema kosa likionekana upesi. Likikosekana moja katika hayo, kitu huwa kimya, au huwa mwongo.

Mwalimu wa usharika uliopo karibu na machimbo asitosheke kutangaza hatari ya zebaki siku ya Jumapili. Amwombe mtu ajuaye ritoti aje kuionyesha mbele ya vijana na ya akina mama, na donge lipimwe kabla na baada. Wakati wa kuonyesha, watoto na wajawazito wakae mbali, chombo kisifunguliwe kingali cha moto, na kazi ifanyike nje, wala si jikoni. Akina mama waambiwe wazi kwamba sufuria au kikaango kilichochomewa donge kisirudi kupikiwa chakula kamwe. Wazee waliofanya kazi ya kuchoma na sasa mikono yao hutetemeka wapelekwe hospitali, wasisingiziwe uchawi. Wakikubali, nao waseme mbele ya vijana, kwa kuwa ushuhuda wao una nguvu kuliko wetu.

Na walimu wa shule, wakipata nafasi, wawapeleke watoto Bujora. Wasiwapitishe mbio kutoka nyumba hata nyumba. Wachague kitu kimoja, wakae mbele yake, wangoje swali.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika nyumba yako, kitu gani kiliwekwa na wazazi ili watoto waulize? Je, watoto wauliza? Nani hujibu?
2. Taja ufundi mmoja wa mahali petu ambao umepotea. Ulipotea kwa kukosa watu, au kwa kukosa vitu?
3. Mizani ya mazao au ya dhahabu huwekwa wapi kijijini kwenu? Mahali hapo pafundisha nini mwuzaji na mnunuzi?
4. Kitu gani kingine, mbali ya zebaki, huonyesha faida yake leo na kuficha madhara yake mpaka kesho?
5. Usharika wetu waweza kuwawekea vijana wa machimboni kitu gani mkononi mwaka huu, na nani atakuwapo kujibu maswali yao?

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote, hasa na wale washukao shimoni alfajiri, na wale wanaowangoja nyumbani jioni.